Mviru wa Kisoko: Tunda Tulilolisahau, Msamiati Wake na Namna ya Kulipika

Kurasa hizi zimezoea mijadala ya ngeli, tafsiri na ufundishaji wa fasihi. Safari hii tunaomba ruhusa tuingie jikoni, na kabla ya kufika jikoni tupite kwanza porini. Sababu ni swali ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili anayefundisha Kisoko, Nagongera, Busia au Malaba anaweza kukutana nalo. Mwanafunzi analeta darasani tunda la kahawia, dogo kuliko ndimu, ganda lake gumu kidogo kama ngozi ya kiatu kikuukuu, na anauliza: "Mwalimu, hili kwa Kiswahili linaitwaje?" Walimu wengi watajibu "ni tunda la porini", kisha wataendelea na somo. Jibu hilo ni la kweli lakini halimsaidii mtu. Tunda hili lina jina, nalo ni viru. Mti wake ni mviru.

Makala haya yana lengo la kumpa mwalimu jibu kamili zaidi: mti wenyewe ni upi, umepataje kufananishwa na tunda la kale la bustani za Ulaya, majina yake kwa majirani zetu yanatufundisha nini, na tunda likishapatikana linapikwaje. Tutakaa zaidi kwenye neno moja, vundika, kwa kuwa bila neno hilo tunda lenyewe halieleweki na wala halilazwi jikoni ipasavyo.

Mti wenyewe

Mviru ni jina la jumla la miti kadhaa ya jenasi ambayo wataalamu wa mimea huiita Vangueria. Jenasi hii imo katika familia moja na mbuni, yaani mti wa kahawa, na mtu aliyekulia karibu na shamba la kahawa atauona udugu huo kwa macho: majani hutoka mawili mawili yakikabiliana kwenye tawi. Miti mingi ya aina hii si mirefu, ina urefu wa mita 2 hadi 8 hivi. Maua ni madogo, ya rangi ya kijani hafifu, na hutoka kwa vishada kwenye makwapa ya majani. Tunda ni la mviringo, kijani likiwa changa na kahawia likiiva. Ndani mna nyama ya utamu uliochanganyika na uchachu, imezunguka kokwa nne au tano ngumu kama mti. Hapo ndipo walaji wapya hukata tamaa, kwa sababu kokwa huchukua nafasi kubwa kuliko walivyotarajia.

Afrika Mashariki ina aina kadhaa. Vangueria madagascariensis ina majani laini yasiyo na vinyweleo, na tunda lake ni kubwa kidogo. Vangueria infausta ina majani yenye vinyweleo, ukiyapapasa ni kama mahameli. Vangueria apiculata, ambayo hupatikana mashariki ya Uganda na magharibi ya Kenya, ina tunda dogo na jani lenye ncha iliyochongoka. Mkulima hana haja ya kuzitenganisha. Yeye huutambua mti kwa tunda, naye yuko sahihi.

Kuna jambo la kuchekesha katika jina infausta. Ni neno la Kilatini lenye maana ya nuksi au kisirani. Mwingereza William Burchell, aliyesafiri kusini mwa Afrika kati ya mwaka 1811 na 1815, ndiye aliyeutangaza mti huo kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1824 kwa jina hilo. Kule kusini wapo watu wasioutumia mti huu kwa kuni kwa imani kwamba moto wake huleta balaa nyumbani. Kwa hiyo mti wenye tunda tamu ukaandikwa vitabuni kwa jina la mkosi, na jina hilo halifutiki tena.

Medla ya Ulaya na mispel wa Waholanzi

Vitabu vingi vya Kiingereza huliita viru "medla ya Kiafrika" au "medla ya mwitu". Wasomaji wengi hawajapata kuiona medla, hivyo inafaa tueleze.

Medla (Mespilus germanica) ni mti wa bustani wa jamii moja na tufaha na peasi. Ingawa jina lake la kitaalamu linataja Ujerumani, asili yake ni kusini magharibi ya Asia na pande za Bahari ya Kaspi, na hadi leo Waturuki hulila na kuliita muşmula. Warumi walilipanda. Katika amri za mashamba ya mfalme Karolo Mkuu, yapata mwaka 800, medla imetajwa miongoni mwa miti ya kupandwa. Shakespeare analitaja tunda hili katika tamthilia zake, ikiwamo As You Like It, naye hulitumia kwa mizaha ya kuoza na kuiva. Tamthilia za Shakespeare zinazofahamika zaidi kwa Kiswahili, yaani Juliasi Kaizari (1963) na Mabepari wa Venisi (1969) za Mwalimu Nyerere, na Makbeth (1968) na Tufani (1969) za S. Mushi, hazikuwalazimisha wafasiri wake kuhangaika na tunda hili. Bahati yao. Mwanafunzi wa tafsiri atakayeichukua As You Like It atalazimika kuamua, na mwandishi wa makala haya angempigia kura viru.

Sababu ya kura hiyo si umbo la tunda tu. Medla ikichumwa mtini haiwezi kulika. Ni ngumu na ina ukakasi, ule ukavu unaokaza ulimi na mashavu kama ndizi mbichi. Wakulima wa Ulaya huichuma mwishoni mwa majira ya kupukutika majani, huilaza juu ya majani makavu mahali penye baridi kwa wiki kadhaa, na huingoja hadi igeuke kahawia na kulainika kiasi kwamba mgeni hudhani imeoza. Hapo ndipo inapokuwa tamu. Viru nalo huliwa likiwa la kahawia na laini, mara nyingi baada ya kudondoka lenyewe, na anayelila kijani hujuta. Ndiyo maana Waholanzi waliohamia kusini mwa Afrika walipoliona viru walilikumbuka tunda la kwao, mispel, na mpaka leo katika Kiafrikaans mti huu ni wildemispel, yaani mispel wa mwitu. Kibotania miti hii miwili haina udugu wowote wa karibu. Kinachoiunganisha ni kungoja.

Kutumia jina la tunda la kwao kwa tunda la ugenini si tabia ya Waholanzi peke yao. Waswahili wa pwani wamefanya hivyo hivyo. Mtufaha wa Unguja ni mti wa jamii ya mkarafuu wenye matunda mekundu yenye maji mengi, wakati tufaha la vitabu vya shule ni lile la nchi za baridi. Jina moja la asili ya Kiarabu limegawanywa kwa matunda mawili, na walimu wa Kenya, Uganda na Tanzania bara wanaendelea kuwachanganya wanafunzi kwa nia njema kabisa.

Inaelezwa kwamba medla ilisahaulika Ulaya kwa sababu ya sukari ya bei nafuu na matunda ya nchi za joto. Zamani ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vitamu vilivyopatikana wakati wa baridi. Meli zilipoanza kuleta ndizi na machungwa majira yote ya mwaka, hakuna aliyekuwa na subira ya kungoja medla ilainike. Sasa simama kwenye stendi ya Busia au Malaba uangalie kinachouzwa kwenye beseni za wachuuzi. Utaona tufaha za Afrika Kusini, zimepangwa kwa vifungu na kung'arishwa kwa kitambaa. Ndizi ziliiondoa medla kule, na tufaha zinaliondoa viru huku. Mtoto wa Kisoko anaijua tufaha kwa kitabu na kwa soko. Viru anaweza kulipita njiani bila kulitambua, na baba yake akikata mti huo kupanua shamba la mihogo hakuna atakayeuliza umekwenda wapi.

Vundika, vumbika, vumbua

Waingereza hawakuwa na neno la kawaida la kutaja kitendo cha kuilaza medla hadi ilainike. Ilibidi mtaalamu wa mimea John Lindley alitunge neno katika miaka ya 1830 kutokana na neno la Kifaransa. Kiswahili hakikuwa na shida hiyo. Tuna kitenzi vundika: kuweka matunda yaliyopevuka mahali palipofunikwa na penye joto ili yaive. Ndizi huvundikwa, maembe huvundikwa, na viru huvundikwa.

Kitenzi hiki kinastahili kipindi kizima darasani. Kwanza, kinahusiana na vunda, yaani kuharibika na kutoa harufu. Lugha yenyewe imetambua kwamba kuivisha kwa njia hii kunakaribia sana kuozesha, na anayevundika lazima ajue mahali pa kusimama. Pili, kiambishi -ik- kilichomo humu huwapotosha wanafunzi. Tumewafundisha kwamba -ik- ni ya kauli ya kutendeka: kikombe kimevunjika, barua imeandikika. Mwanafunzi mwenye akili ataandika "ndizi zimevundika" akidhani amefuata kanuni. La hasha. Vundika huchukua yambwa: Nyanya amevundika ndizi. Ndizi ndizo zilizovundikwa. Hii ni -ik- nyingine, ya kale, inayohusu kuweka kitu katika hali au mahali fulani. Imo katika anika, funika, tundika, bandika, pachika na inika. Vitenzi hivi vina alama moja inayovitambulisha: vingi vina kinyume chake kwa -u-. Ukianika utaanua, ukifunika utafunua, ukitundika utatundua, ukibandika utabandua, ukiinika utainua.

Wako pia wasemao vumbika badala ya vundika, hasa pale matunda au mihogo inapofukiwa katika majivu ya moto au katika udongo. Hapa vumbi halijifichi. Kinyume cha vumbika kwa umbo ni nini? Ni vumbua. Neno ambalo leo tunalitumia kwa uvumbuzi wa maabara na uvumbuzi wa nchi za mbali lina umbo la kutoa kitu majivuni. Mwalimu anayefundisha kauli ya kutendua asikose mfano huu, kwa kuwa wanafunzi hawausahau.

Tatu, kuna tofauti kati ya kupevuka na kuiva, ambayo vijana wa mjini wanaipoteza. Tunda lililopevuka limemaliza kukua, mbegu zake zimekomaa, lakini bado ni gumu. Tunda lililoiva liko tayari kuliwa. Huvundiki tunda changa. Litasinyaa na kubaki na ukakasi wake. Huvundika lililopevuka. Kwa viru alama ya kupevuka ni rangi ya kijani kuanza kuingiwa na manjano, na baadhi ya matunda ya mti huo kuwa yameshaanza kudondoka.

Majina ya mpakani

Kisoko ni gombolola katika Budama Magharibi, wilaya ya Tororo. Ukiitazama ramani ya lugha, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi pa kukusanyia majina ya mimea. Wenyeji wengi ni Wapadhola, wasemao lugha ya Kiluo. Jirani yao ni Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti lakini ya tawi jingine kabisa, na ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka. Kusini, katika wilaya ya Busia iliyokatwa kutoka Tororo mwaka 1997, kuna Wasamia na Wagwe, Wabantu. Upande wa Kenya, kaunti ya Busia ina Wasamia hao hao, Wakhayo, Wamarachi na Wateso. Juu ya hizo zote kuna Luganda, iliyoletwa na utawala na makanisa tangu zama za Semei Kakungulu, na Kiswahili cha soko, cha madereva wa malori na cha polisi.

Katika Luganda mti huu huitwa mutugunda, na matunda matugunda. Katika Kiluhya cha Kakamega ni shikomoli. Wakalenjin, ambao jamaa zao Wasabaoti wako Mlima Elgon, si mbali na Tororo, husema komolwet au kimolwet. Wakamba husema kikomoa. Wamaasai husema olgumi. Wakikuyu husema mubiru.

Hebu tuyatazame majina hayo kama wanaisimu. Kiluhya, Kikalenjin na Kikamba vina shina linalofanana, -komol-, ingawa Kikalenjin si lugha ya Kibantu. Kikamba kimeidondosha l, kama ilivyo kawaida yake: tulimayo sisi kwa lima, Wakamba hulima kwa ima. Kiswahili nacho kina desturi kama hiyo katikati ya neno, ndiyo maana tuna njaa pale Waganda wanapokuwa na enjala. Kwa hiyo komoa na komol- si mbali hata kidogo. Neno limevuka mpaka wa familia za lugha, jambo linaloonyesha kwamba watu walikutana chini ya mti mmoja, wakala tunda moja, na mmoja akachukua jina la mwenzake.

Shina la pili ni -viru. Mviru wa Kiswahili ni mubiru wa Kikuyu. Ukiteremka kusini utakutana na munzviru wa Kishona, mmilo wa Kitswana na mpfilwa wa Kitsonga. Kati ya Mlima Kenya na jangwa la Kalahari kuna maelfu ya kilomita, na neno bado linatambulika. Neno lenye mtawanyiko kama huo haliwi la jana. Mwanafunzi wa Kisoko anayedhani Kiswahili kimemletea neno la kigeni la Waarabu wa pwani anaweza kuonyeshwa kwamba viru ni neno la Kibantu hasa.

Ama kuhusu ngeli, tahadhari moja. Umbo viru linaweza kumfanya mwanafunzi afikiri ni wingi wa ngeli ya KI-VI na kuunda "kiru". Vi- hapa ni sehemu ya shina. Sisi tunapendekeza LI-YA kama ilivyo kwa embe na chungwa: viru hili limeiva, maviru haya yameiva. Mti ni U-I: mviru huu, miviru hii.

Jikoni

Sasa tupike. Jambo la kwanza ni uhakika wa tunda. Usipike wala usimpe mtoto tunda ulilolitambua kwa picha au kwa makala kama haya peke yake. Tafuta mzee wa kijiji aliyelila utotoni na akuonyeshe mti. Kazi hiyo haina kamusi mbadala.

Maviru yaliyodondoka yenyewe na kuwa laini yanaweza kutumika siku hiyo hiyo. Yaliyochumwa yakiwa yamepevuka yavundikwe: tandika majani makavu ya ndizi katika kikapu au chungu, panga maviru, funika kwa majani mengine, weka mahali pakavu karibu na jiko. Yaangalie kila siku. Yaliyobadilika kuwa kahawia na kubonyea kwa kidole yatolewe, yaliyobaki yafunikwe tena. Viru lililoiva lina harufu ya matunda makavu, karibu na tende. Likitoa harufu kali ya pombe, au likiwa na ukungu mweupe, limekwisha kuvunda; litupe.

Msingi wa mapishi yote ni rojo. Osha kilo moja ya maviru yaliyoiva, yapasue, yatie katika bakuli pamoja na vikombe viwili vya maji ya vuguvugu na yaache nusu saa. Kisha yavuruge kwa mkono, kama unavyofanya kwa ukwaju, hadi nyama iachane na kokwa. Pitisha kwenye chekecheke au chujio lenye matundu mapana, ukisugua kwa mwiko. Kokwa na maganda yatabaki juu, na chini utapata rojo zito la kahawia. Usitarajie rojo jingi. Kokwa ni kubwa na hilo halina dawa. Usitumie mashine ya kusagia kabla ya kutoa kokwa.

Matumizi rahisi, na kwa maoni yetu yaliyo bora, ni uji. Katika nchi ya ulezi na mtama kama Tororo hakuna haja ya kutafuta mbali. Wateso wamezoea kutia ukwaju katika uji wa ulezi ili upate uchachu, na rojo la viru hufanya kazi hiyo hiyo kwa upole zaidi. Pika uji kama kawaida, uepue, uuache upoe kidogo, ndipo utie vijiko vinne au vitano vya rojo kwa kila kikombe kikubwa na kukoroga. Sababu ya kungoja uepuliwe ni kwamba moto mkali huondoa harufu nzuri ya tunda na kuharibu vitamini C yake. Wengi wataona kwamba sukari inayohitajika ni nusu ya ile ya kawaida.

Jemu huhitaji vikombe viwili vya rojo, kikombe kimoja cha sukari na maji ya ndimu moja. Weka katika sufuria yenye kitako kizito juu ya moto mdogo na usiache mwiko. Rojo hili huungua upesi chini na kurukaruka juu, hivyo vaa nguo ya mikono mirefu. Dondosha tone kwenye sahani baridi. Lisipotiririka jemu imeiva. Mimina ikiwa moto katika chupa zilizochemshwa na kukaushwa. Ukiendelea kupika hadi mwiko uache njia kwenye kitako cha sufuria, kisha ukamimina katika sinia lililopakwa mafuta na kuacha ligande, utapata kipande kigumu cha kukatwa kwa kisu. Waingereza hutengeneza medla yao hivyo hivyo na kuila pamoja na jibini. Kwetu kinafaa kwa chai ya saa kumi.

Kwa mboga, badala ya ukwaju, kaanga kitunguu na kitunguu saumu, tia pilipili, chumvi na kikombe kimoja cha rojo, chemsha dakika kumi, kisha mimina juu ya ngege au sangara wa kukaanga. Tuliwapa wenzetu sosi hii bila kuwaambia ni nini. Wengi walisema ukwaju, mmoja akasema tende, na sufuria likarudi tupu.

Kusini mwa Afrika watu hukausha matunda haya na kuyaweka akiba, hutengeneza siki, na hutengeneza pombe pia. Wazalishaji wa ajono na malwa wa Tororo hawahitaji ushauri wetu katika eneo hilo. Katika kisiwa cha Réunion tunda hili huitwa vavangue na hutiwa katika ramu. Tunalitaja jambo hilo kwa ajili ya isimu tu, kwa kuwa neno vavangue na jina la kitaalamu Vangueria vyote vina asili ya Kimalagasi.

Kamusi na darasa

Si kweli kwamba hakuna aliyeandika juu ya miti hii. Uganda ilipata kitabu kikubwa cha miti na vichaka vyenye manufaa cha Katende, Birnie na Tengnäs mwaka 1995. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu cha mimea ya asili ya chakula cha Maundu, Ngugi na Kabuye mwaka 1999. Tanzania ilipata cha mimea pori inayoliwa cha Ruffo, Birnie na Tengnäs mwaka 2002. Vyote ni vya thamani na vyote vimeandikwa kwa Kiingereza. Ndani yake lugha za kwetu zimo kama orodha ya majina tu mwanzoni mwa kila ukurasa, na baada ya orodha hiyo maelezo yanaendelea kwa lugha nyingine.

Upande wa kamusi zetu za Kiswahili ugonjwa ni mwingine. Mara nyingi mno mmea hufafanuliwa kwa maneno "aina ya mti" au "aina ya tunda". Fasili kama hiyo haimwezeshi mtu kutofautisha mviru na mtunguja. Tungependa fasili inayotaja ganda la kahawia, kokwa nne au tano, uchachu, na kwamba tunda huliwa likishalainika. Mistari miwili inatosha.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kuelekeza kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu wa Tororo na Busia wanahitaji vitabu. Wakipewa tena sura ya matunda yenye tufaha, peasi na zabibu, mtoto wa Kisoko atajifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya matunda ya watu wengine. Kuongeza viru, ukwaju na zambarau katika sura hiyo hakugharimu chochote.

Kwa walimu wanaotaka kuanza muhula ujao, zoezi lifuatalo linafaa kidato cha pili na kuendelea. Kila mwanafunzi amwendee bibi au babu yake, au mzee yeyote wa jirani, akiwa na tunda au tawi lenye majani. Aandike jina la mti na jina la tunda kwa lugha ya mzee huyo, umoja na wingi wake: Kipadhola, Kiteso, Kisamia, Kigwe, Kikhayo, yoyote. Aulize tunda huchumwa lini, huwekwa wapi ili liive, na kitendo hicho huitwaje kwa kitenzi kimoja. Aulize kama kuni zake hutumika, na kama hazitumiki, kwa nini. Kisha aandike fasili ya maneno yasiyozidi 30 kwa Kiswahili sanifu, bila kutumia neno "aina". Majibu ya darasa yapangwe ubaoni kwa safu, lugha kwa lugha, na wanafunzi watafute wenyewe ni majina yapi yana shina moja. Atakayeleta maviru yaliyoiva aje na sufuria pia. Ulezi utatoka idarani.